Maswali na Majibu: Neno "complexify" ni Kiingereza halali?

Kwenye mkutano wa walimu hedimasta alituonya tusi-"complexify" mtaala mpya. Wenzangu walicheka, wakasema kajitungia. Kweli? Mwalimu wa sekondari, Arua

Hajajitungia. Neno limo kwenye kamusi kubwa za Kiingereza, na lilianza kuandikwa karne ya 19. Limeundwa kama "simplify" na "purify": neno linapachikwa mkia "-ify", uliotokana na kitenzi cha Kilatini facere, yaani kufanya, ukapitia Kifaransa. Maana yake ni kufanya kitu kiwe changamani. Ila hedimasta kachagua neno la semina. Mtaala wa sekondari ya chini ulioanza 2020 unahitaji kuelezwa kwa wazazi pia, na mbele ya wazazi mimi ningesema "complicate", yakaisha.

Na "complex" yenyewe imetoka wapi? Mimi nikilisikia naona viwanja vya michezo vya Lugogo, Kampala, vinavyoitwa "sports complex", tu. Mwanafunzi, Kasese

Hujakosea sana. Kilatini kina plectere, kusuka, na com-, pamoja. Complexus ni kilichofumbatwa au kusukwa pamoja. Lugogo pana kriketi, tenisi na ukumbi wa ndani katika eneo moja, kwa hiyo jina limekaa.

Kinachonifurahisha zaidi ni nduguye, "complexion". Waganga wa Ulaya ya kale waliamini mwilini mna maji manne: damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Namna yalivyochanganyika ndiyo iliyokuwa "complexion" ya mtu, na waliisoma usoni, kwa rangi ya ngozi. Tiba hiyo ilishatupwa zamani, lakini neno lilibaki usoni, na leo utalikuta kwenye vikopo vya krimu pale soko la Owino. "Perplex" nayo ni ya ukoo huohuo: mtu aliyesokotwa mawazo hadi haoni ncha.

Angalia lakini "duplex", zile nyumba zinazotangazwa kila siku huko Kira na Najjera. Hiyo imeegemea plicare, kukunja: mikunjo miwili. Mkunjo mmoja ni simplex, ndiko ilikotoka "simple". Kusuka na kukunja kwa Kilatini ni vitenzi viwili vya shina moja la kale, na ndiyo maana watu huvichanganya.

Tofauti ya "complexify" na "complicate" ni ipi? Kwangu naona ni kitu kimoja. Askari polisi, Masindi

"Complicate" imeingia Kiingereza karne ya 17 kutoka complicare, kukunja pamoja. Afande, neno "accomplice" unaloliandika kwenye faili za kesi limetoka hapohapo: mtu aliyekunjwa pamoja na mhalifu.

Matumizi ndiyo yanayoyatenganisha. Huduma ya kutuma pesa kwa simu ilipoanza Uganda mwaka 2009 ilikuwa kutuma na kutoa, basi. Baadaye yakaja mikopo, akiba, kulipia maji na karo, na kila kimoja kimeshikana na kingine. Huduma hiyo ime-"complexify", na wengi wetu hatulalamiki. Siku wakala atakapokudai fomu tano ili utoe elfu kumi, hapo wame-"complicate". La kwanza linaongeza sehemu na miunganiko. La pili huwa ni lawama. Anayesema "complexify" akimaanisha lawama hajavunja sheria yoyote, lakini mimi namshuku kuwa anataka tu kusikika msomi.

Nasikia wataalamu wa lugha husema Kinubi chetu ni Kiarabu kilichorahisishwa. Kinyume chake kina jina? Msomaji, Bombo

Kina jina, nalo ni "complexification". Hapa neno linafanya kazi halali. Mababu wa Wanubi, wanajeshi wa Kisudani waliokuwa chini ya gavana Emin Pasha, ambao ofisa Mwingereza Lugard aliwaleta huku Uganda mwaka 1891, walikuja na Kiarabu ambacho kilikuwa kimeshapitia watu wa lugha nyingi. Kitenzi cha Kinubi hakibadiliki kwa nafsi kama cha Kiarabu. Unaweka gi- kwa tendo linaloendelea, bi- kwa lijalo, umemaliza. Wataalamu wanasema kinyume chake hutokea kwenye jamii ndogo zilizojitenga, ambako wote wanajuana na hakuna mgeni wa kumrahisishia: lugha hujilimbikizia kanuni na vighairi. Lakini usikubali mtu akudharau kwa neno "kurahisishwa". Linahusu viambishi, si akili za wasemaji.

Mteja aliuliza saa yake ina "complications" ngapi, nikadhani ananitukana. Fundi saa, Kampala

Alikuwa anaisifu. Kwa watengeneza saa, ni kila kazi inayozidi kuonyesha wakati tu: tarehe, mwezi angani, kengele. Saa ya mfukoni ambayo kampuni ya saa ya Uswisi, Patek Philippe, walimtengenezea Mmarekani Henry Graves, wakamkabidhi mwaka 1933, ilikuwa nazo 24. Mwaka 2014 iliuzwa mnadani Geneva kwa dola zipatazo milioni 24.

Kwa Kiswahili niseme nini redioni? Mtangazaji, Gulu

"Complexify" iite kuchangamanisha, kwa kuwa sarufi yetu tayari ina sentensi changamano. "Complicate" ni kutatiza au kutatanisha. Mvuvi yeyote anajua kamba ikishatatana inavyomaliza asubuhi. Msikilizaji wa Kiganda mwambie okuzinga, kukunja, atapata picha ya plicare mara moja. Ukilazimika kulitamka la Kiingereza, mkazo uwe silabi ya pili: kom-PLEK-si-fai.