Barua kwa mwanangu: utani na kejeli

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Umeniuliza kwa nini mwenzako wa ofisini alinuna na kukwambia "umenikejeli", wakati wewe ulimwiga tu anavyoburuta maneno, mbele ya wenzenu, ukidhani unamtania. Neno alilolitumia ndilo lenyewe, mwanangu.

Utani una ruhusa yake. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Babu na mjukuu hutaniana. Hata msibani mtani hufanya vituko vyake na wafiwa wasikasirike, kwa kuwa nao siku yao watamfanyia. Kejeli haina ruhusa hiyo: mmoja anajiweka juu, mwenzake anashushwa, na watu wanacheka. Ukitaka kupima, tia "-ana" mwishoni. Ukisikia "wanataniana" unajua wamezoeana. Ukisikia "wanakejeliana", huo ni ugomvi, nenda kaamue.

Mara nyingi kejeli huvaa sifa. Mtu kaingia kazini saa nne, mkubwa wake anamwambia, "Leo umewahi kweli!" Maneno mazuri, ila sauti inachoma. Ndiyo maana husemwa "alimsifu kwa kejeli". Kwenye ujumbe wa simu sauti haipo, basi msomaji atashukuru kwa dhati, au atasikia kejeli ambayo hukuitia.

Dhihaka ni jirani yake, ila nzito zaidi. Ndilo neno watu wanalotumia dini au maiti vinapofanyiwa mzaha. Kusimanga ni kumkumbusha mtu wema uliomtendea ili aumie: "Nani alikulipia ada?" Kuzomea ni kazi ya kundi, kwa kelele. Kubeza ni kukiona cha mtu si kitu.

Unapoandika, jina ni "dhihaka", kitenzi ni "kudhihaki"; wengi huandika "kudhihaka", wanakosea. Na kwa kuwa "kukejeli" na "kudhihaki" haviishii na "-a", mwisho wake haubadiliki unapokataza: "usinikejeli", "asimdhihaki".

Ukienda kumwomba radhi, usianze na "nilikuwa natania tu". Hapo unamgeuza yeye kuwa mkosaji asiyejua utani, na anaumia mara ya pili. Mwambie, "Nilikukejeli mbele za watu, niwie radhi." Umwambie wakiwapo wale wale waliocheka.

Mama yako