Ukitaka Kuwaona Kaa wa Gando Moja, Keti Chini

Wageni wengi wanaotembelea mikoko ya Gazi, kule Kwale kusini mwa Mombasa, huondoka wakisema hawakuona kaa wa maana. Waliona vitu vidogo vikitumbukia mashimoni, basi. Inaniuma, kwa sababu ule uwanda wa tope walioupita kwa haraka ni mmoja wa mahali penye shughuli nyingi kuliko popote pwani yetu. Ushauri wangu ni mfupi: ukifika, keti.

Macho ya kaa wa gando moja, aitwaye hivyo kwa sababu ya gando moja kubwa la dume, yako juu ya vijiti viwili vilivyosimama wima, na anapoishi ni tambarare. Kinachosogea chini ya usawa wa macho yake hukichukulia kama kaa mwenzake. Kinachojitokeza juu ya usawa huo ni adui, awe ndege sululu mwenye mdomo wake uliopinda au wewe na kofia yako. Ndiyo maana kunyata hakusaidii kitu ukiwa umesimama. Chagua mahali pasipo na mashimo, keti, weka mikono magotini, kisha tulia. Dawa ya mbu jipake kabla, maana mkono mmoja ukipungwa uwanda wote unabaki mtupu. Baada ya muda yatatokeza macho, halafu miguu ya upande mmoja, kaa akisita mlangoni kupima hali. Hapo ndipo watu hukosa subira na kuinua simu. Simu iwe tayari mkononi tangu mwanzo.

Nenda siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu. Kwetu maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi siku hizo, na tope la juu huwa bado lina unyevu. Siku za maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, sehemu za juu hukauka na utaona wachache.

Ziko jamii kadhaa za kaa hawa katika koko moja. Wa kuanza naye, kwa maoni yangu, ni Austruca occidentalis, kwa sababu anakaa peupe, kwenye tope lenye mchanga pembezoni mwa michu na mikoko mingine. Mgongo wake una upana wa sentimita 2 hivi, wenye mabaka meusi na meupe, na gando kubwa la dume lina rangi ya waridi au nyekundu. Wataalamu walimpa jina lake mwaka 2016. Kabla ya hapo alihesabiwa pamoja na Austruca annulipes wa huko Asia.

Anza kumtazama akila. Jike ana magando mawili madogo, na yote mawili yanafanya kazi: huku likichota, huku likipeleka mdomoni. Dume anachota kwa lile dogo tu, kwa hiyo inambidi achangamke zaidi. Mdomoni tope linachujwa. Mwani mdogo sana na bakteria vinaliwa, mabaki yanadondoshwa kama kidonge. Vile vidonge vilivyotapakaa kuelekea nje ya shimo ni nyayo za mlo wake, na ukiviona vibichi ujue mwenyewe yuko karibu. Madonge makubwa zaidi ni udongo alioutoa wakati wa kuchimba.

Sasa lile gando kubwa. Kwa dume mkubwa linaweza kukaribia nusu ya uzito wake, na halimlishi hata kidogo. Hulitumia kupigania shimo na kuwaita majike. Huyu wetu analinyoosha ubavuni, analipandisha juu, kisha analirudisha mbele ya uso, kama anachora duara. Jirani zake wa jamii ya Gelasimus wao hulipandisha na kulishusha tu, na karibu wote gando lao kubwa liko kulia, wakati kwa huyu utapata kulia na kushoto karibu sawa. Watoto wanapenda sana kuhesabu hayo. Wape kazi hiyo, watatulia kuliko wakubwa.

Ukiwa na darubini, tafuta dume mwenye gando refu, jembamba, laini lisilo na meno. Huyo alipoteza la kwanza, likaota jingine. Majike humjia, na madume wenzake hawatambui kwa kulitazama tu kwamba ni dhaifu. Wakishikana kweli, hushindwa.

Tafadhali usimchimbue, na usimshike kwa gando au mguu. Huukata mwenyewe ili aponee. Shimo ndiyo kinga yake dhidi ya jua, ndege na maji kujaa, na tena mashimo hayo huingiza hewa kwenye tope ambamo mizizi ya mikoko inaishi. Pale Gazi tumia daraja la mbao la akina mama wa kijijini na ulipe ada yao kwa moyo. Juu ya daraja sheria ni ile ile, ila ulale kifudifudi ukichungulia ukingoni.

Ukiwaona wanaanza kuziba milango kwa tope, maji yanarudi. Ondoka wakati huo huo hata kama hujatosheka: vijito hujaa kabla ya uwanda, na unaweza kukuta njia uliyojia imeshakatika nyuma yako.