Kwa Wanaoanza Kuunda Kompyuta za Kizamani kwa Vipuri Vipya

Mwenye nia ya kuunda kompyuta ya nyumbani ya mtindo wa miaka ya 1980 achague kwanza prosesa anayoweza kuipata ikiwa mpya. Mwaka 2024 kampuni ya Zilog ilitangaza kwamba inaacha kutengeneza prosesa yake ya Z80 ya miguu 40, kwa hiyo ninawashauri prosesa ya W65C02S, iliyotokana na 6502 ya mwaka 1975. Huingia moja kwa moja kwenye ubao wa majaribio (breadboard, wenye matundu ya kuchomeka vipuri bila kulehemu), na mpigo wake wa saa, yaani ishara ya umeme inayoisogeza hatua kwa hatua, unaweza kusimamishwa kabisa bila prosesa kupoteza kilichomo, jambo ambalo 6502 ya awali haikuliweza.

Itumieni sifa hiyo kabla ya kuweka kumbukumbu yoyote. Unganisheni miguu minane ya data kwa rezista za kilo-omu 1: D1, D3, D5, D6 na D7 ziende kwenye volti 5, na D0, D2 na D4 kwenye graundi. Kila isomapo, prosesa itakuta EA (namba ya heksadesimali), yaani agizo la kutofanya lolote, na ikishawashwa upya itaanzia anwani EAEA na kuhesabu kwenda juu. Wekeni LED, kila moja na rezista yake, kwenye miguu ya anwani, kisha mtoe mipigo ya saa kwa kitufe kilichopitishwa kwenye chipu ya 555, ambayo ni chipu ya kupima muda, maana kitufe kitupu hutoa mipigo kadhaa kwa mbonyezo mmoja. A0, mguu wa kwanza wa anwani, inapaswa kubadilika kila baada ya mipigo miwili. Isipokuwa hivyo, msiongeze chipu nyingine. Kagueni miguu ya udhibiti ya RDY, IRQB, NMIB na BE, ambayo haiachwi wazi bali huvutwa kwenye volti 5.

Kumbukumbu haina taabu siku hizi. Chipu moja ya RAM ya 62256 ina kilobaiti 32 na haihitaji kuhuishwa kila mara kama RAM ya Commodore 64, kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 1980, nayo 28C256, chipu ya kuhifadhi programu hata umeme ukizimwa, hufutwa kwa umeme. Skrini ingoje.

Sisi wa Mombasa tuna adui mwingine, nayo ni hewa ya chumvi. Mbao za majaribio zilizoachwa wazi karibu na dirisha hupata kutu kwenye viungio, na hitilafu yake huja na kuondoka, hivyo hutesa kuliko chipu iliyokufa. Zihifadhini katika mkebe unaofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Chaja ya simu ya volti 5 yatosha, lakini mita ya volti iwekwe kwenye miguu ya prosesa yenyewe, kwa sababu waya nyembamba na kiungio chenye kutu hupunguza volti njiani.