Uliamkaje?

Majuma mawili haya mmeniletea ndoto zenu: nyoka kumi na mmoja, meno manne na harusi mbili. Siwezi kuwajibu wote. Wa nyoka nimewafunga mzigo mmoja.

Shangazi shikamoo. Nimeota nyoka. Maana yake nini? (Wasomaji kumi na mmoja)

Marahaba. Sijui, na ninyi hamjanipa cha kujulia. Nyoka alikuwa wapi? Ulikimbia, uliganda, au ulimpita kama unavyompita mbwa wa jirani? Mkulima wa mpunga Kilombero anayekanyaga majaruba kila alfajiri na muuza vipodozi wa Kariakoo hawaoti nyoka mmoja.

Ibn Sirin wa Basra, mfasiri wa ndoto wa zamani ambaye jina lake mnanitajia kila juma, husimuliwa kwamba alijiwa na watu wawili, kila mmoja ameota anaadhini. Mmoja akaambiwa atakwenda kuhiji. Wa pili akaambiwa atakamatwa kwa wizi. Ndoto ni ile ile; alichokuwa akikisoma mzee ni mtu aliyesimama mbele yake. Na vile vitabu vya "nyoka adui, samaki mimba" vinavyouzwa kwa jina lake, wanazuoni wengi wanasema hakuviandika yeye.

Bibi yangu hakujua kusoma. Ukimpelekea ndoto wakati anapepeta mchele, hakuinua hata macho. Aliuliza tu, "Uliamkaje?" Ukisema umeamka moyo mweupe, aliendelea kupepeta. Ukisema umeamka unalia, aliuweka ungo chini. Niandikieni namna hiyo.

Nimeota meno yananidondokea kiganjani. Mama mkwe anasema nitafiwa. Nimeshapigia simu ndugu wote.

Wako wazima? Basi. Mama mkwe wako hayuko peke yake: Artemidorus, Mgiriki wa karne ya 2, aliandika kwamba kinywa ni nyumba na meno ni watu wake. Lakini huyo huyo alisisitiza umjue kwanza mwotaji ni nani, kazi yake nini, ana afya gani. Sehemu hiyo watu huiruka.

Mimi ningeanza na kinywa chenyewe. Watafiti wa Israel walieleza mwaka 2018 kwamba wanaoota meno kung'oka huamka mara nyingi zaidi wakihisi mkazo kwenye meno, fizi au taya. Muulize unayelala naye kama unasaga meno usiku. Ukijibiwa ndiyo, nauli ya kwenda msibani itumie kwenda kwa daktari wa meno.

Ni mlinzi wa usiku, nalala asubuhi nikitoka lindo. Mara tatu sasa nazinduka, chumba nakiona, mwili hausogei, kitu kizito kimenikalia kifuani. Kuna bwana anataka shilingi 200,000 aniondolee.

Usimpe hata nauli.

Hilo ni jinamizi, na wazee wetu walilipa jina kabla ya hospitali kufika. Tangu mwaka 1953, watafiti wa Chicago walipoona macho ya mtu aliyelala yakicheza chini ya kope, tunajua kuna usingizi ambamo ndoto hukolea. Katika usingizi huo ubongo huilegeza misuli ya mwili usije ukainuka ukapigana na ukuta. Safari nyingine akili huamka kabla mwili haujafunguliwa. Macho yanaona dari, mkono haunyanyuki, ndoto haijaondoka chumbani. Hofu inajaza yaliyobaki: mzigo, kivuli, pumzi sikioni.

Kwako kuna na la ziada. Usingizi huo wa ndoto huwa na nguvu zaidi asubuhi, saa ambazo wewe ndiyo kwanza unavua buti. Umechoka, saa zako za kulala zimevurugika, na nabashiri unalala chali. Lala ubavu. Ziba dirisha kwa kanga nzito. Likikukamata, usishindane na mwili mzima. Jaribu kutikisa kidole kimoja cha mguu. Hupita baada ya sekunde au dakika chache. Kama unasinzia ovyo hata ukiwa umelala vya kutosha, mwone daktari.

Wenye umri wangu mnakumbuka Popobawa, yule pepo aliyesemekana kuwavamia watu usiku, Pemba na Unguja, mwaka 1995. Watu wazima walitoka vyumbani wakalala nje kwa makundi, moto umewashwa. Siwacheki. Aliyewahi kukandamizwa na jinamizi hacheki. Lakini hofu ya usiku ikipewa jina sokoni mchana, usiku unaofuata inarudi na wenzake, na hapo ndipo wauza kinga wanapotandaza mikeka yao.

Wanasema ukiota harusi ni msiba, ukiota msiba ni harusi. Kweli?

Kwenye ukoo mkubwa kama wetu mwezi haupiti bila kimojawapo. Kwa hiyo ndiyo, hutimia daima.

Nimemwota mume wangu na mwanamke wa gauni jekundu. Nimemnunia siku ya nne, hajui kosa lake. Nimuulize?

Mwanamke umemtunga wewe, gauni umelishona wewe, na hukumu umetoa wewe. Mpikie mtu chai. Ila kama kuna jambo la mchana linalokukera, simu inayozimwa ukiingia, pesa isiyo na maelezo, muulize hilo la mchana. Mwanamke wa gauni muache ndotoni.

Baba alifariki mwaka juzi. Tangu Machi namwota amesimama mlangoni, shati lake la kazi limelowa, haingii wala hasemi. Naamka nimekabwa koo. Ndugu wanasema anadai sadaka, na hitma tumeshasoma mara mbili. Nimesahau: mazishi sikuyawahi, nilikuwa kazini Muscat, mwajiri alininyima ruhusa. Nimerudi Machi. (S., Tanga)

Barua yako nimeirudia mara tatu, mwanangu. Pole.

Kumwombea baba na kutoa sadaka ni kheri, wala haihitaji ndoto. Ila atakayekupangia bei ya kumtuliza marehemu, mfungulie mlango atoke.

Jambo zito umeliweka mwishoni, baada ya neno "nimesahau". Hukusahau. Wote walimwona akitoka nyumbani, wakabeba, wakatupa udongo. Wewe ulipata habari kwa simu, ukarudi kupika chakula cha watu wengine. Kati yako na baba, aliyebaki nje ya mlango ni wewe. Hiyo ni tafsiri yangu, ikatae kama haikugusi. Lakini koo linalokabwa hivyo mara nyingi lina kilio kilichokosa nafasi.

Nenda kaburini, peke yako au na kaka aliyemwosha. Mwambie kaka akusimulie siku ile tangu asubuhi, nani alichimba, mvua ilinyesha au haikunyesha, sanda ilinunuliwa wapi. Ukitaka kulia, lia. Shati lile kama lipo bado, lifue ulianike kwa mkono wako. Sikuahidi kwamba ataacha kuja. Huenda safari nyingine akaingia akakaa. Ukiona majuma yanapita hulali, huli, huoni faida ya kuamka, nenda hospitali ya mkoa uulizie huduma ya afya ya akili, usione haya.

Kila nikilala mchana naota pilau na nyama. Rafiki anasema nalishwa uchawi.

Barua umeiandika tarehe ya kumi ya Ramadhani. Nadhani tumeelewana.

Tangu nianze dawa mpya ya presha naota nafukuzwa kila usiku. Mchungaji ananiambia nitupe vidonge kwa imani. Niiache?

Usiiache! Zipo dawa, propranololi mojawapo, zinazojulikana kuleta ndoto kali, na kuikatisha hiyo ghafla kunaweza kuudhuru moyo. Rudi kwa aliyekuandikia, beba boksi lenyewe, mweleze ndoto zilianza lini. Anaweza kukubadilishia. Na kwa mchungaji wako aliyekwambia utupe vidonge kwa imani, mwambie Shangazi anamsalimia, na presha anayeumwa si yeye.

Nimeota namba 7 mara tatu. Niiweke kwenye mkeka wa kubeti?

Hapana.