Maswali Yenu Kuhusu Kufundisha Kiingereza: Cheti cha TEFL Kinafika Wapi?

Wiki hii maswali mengi yametoka huku kwetu kandokando ya Ziwa, na karibu yote ni ya wanaotaka kufundisha Kiingereza kwa watu ambao Kiingereza si lugha yao, yaani TEFL. Nimechagua machache.

Shikamoo Mwalimu. Nimemaliza kozi ya TEFL ya mtandaoni, saa 120. Nitaajiriwa shule za mchepuo wa Kiingereza hapa Mwanza? (Buzuruga)

Marahaba. Kwa cheti hicho peke yake, hapana. Shule iliyosajiliwa inataka mtu aliyesomea ualimu, awe na stashahada au shahada. Kama ungekuwa umepita chuo cha ualimu cha Butimba au chuo kikuu cha SAUT, cheti chako kingekuwa nyongeza nzuri.

Sasa nami nikuulize: katika saa hizo 120 ulisimama mbele ya wanafunzi mara ngapi? CELTA, cheti cha Cambridge cha kufundisha Kiingereza, nayo ni ya saa 120, lakini ndani yake kuna saa 6 za kufundisha wanafunzi halisi huku mkufunzi ameketi nyuma anaandika makosa yako. Kwenye kozi ya kubofya majibu, nani anakuona?

Niliwahi kukaa katika darasa la tuisheni la kijana mwenye vyeti viwili vya namna hiyo. Kiingereza chake kilikuwa kizuri, akakizungumza dakika 40, na watoto hawakupata nafasi ya kusema hata sentensi moja yao wenyewe. Alipofika kwenye "ship" na "sheep" wakayatamka yote mawili sawasawa, naye akawa anarudia tu kwa sauti kubwa zaidi. Hakujua kwamba Kiswahili kina irabu 5, na "i" yetu ni moja, kwa hiyo mtoto wa Kirumba hasikii tofauti hiyo mpaka afunzwe kuisikia. Hakujua pia kwa nini walikuwa wanamwita mama "he", wakati kwetu "yeye" ni baba na ni mama. Mwalimu anayeijua sarufi ya Kiswahili huliona kosa kabla mtoto hajafungua mdomo. Huo ni utajiri wenu, na inaniuma mnavyouacha mkikimbilia lafudhi.

Korea Kusini wanachukua Watanzania? (wasomaji watano)

Kufundisha Kiingereza, hapana. Viza yao ya E-2 kwa somo hilo hutolewa kwa raia wa Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, Nyuzilandi na Afrika Kusini. Nimeshalijibu hili mara nyingi. Tafadhali someni masharti ya viza kabla ya kulipia kozi.

Wakala anataka milioni 3 anipeleke China kufundisha. Anasema niingie kwa viza ya biashara, mengine yatanyooka hukohuko. (Nansio, Ukerewe)

Binti yangu, usitoe hata shilingi. Kazi halali China huanza na viza ya Z, nayo huipati bila mwajiri kukuombea kwanza kibali ukiwa bado nyumbani. Ukifundisha kwa viza ya biashara, wewe ndiwe utakayekamatwa na kurudishwa, si yeye. Mdai jina la shule, mkataba na leseni yake ya uwakala, kisha uende nayo kwa Kamishna wa Kazi ikahakikiwe. Akikukwepa, basi umeshapata jibu. Na wazazi wenye viwanja na mitumbwi, msiuze chochote kwa ahadi ya mdomo.

Nimepata 8 kwenye IELTS, ule mtihani wa Kiingereza. Inatosha kuwa mwalimu?

Hapana. IELTS inapima unavyoijua lugha, haipimi unavyoifundisha.

Vipi kufundisha watoto wa China kwa mtandao? (Igoma)

Umechelewa. Julai 2021 serikali yao ilizibana kampuni za tuisheni na kuzizuia kutumia walimu walioko nje ya nchi.

Mimi nafundisha Kiswahili Musoma. Nisome TEFL nihamie Kiingereza? (Musoma)

Kwa nini uhame? Hapo hapo kwenu, kwenye shule ya lugha ya Makoko, wageni wamefundishwa Kiswahili kwa miaka mingi. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, wana mafunzo ya kufundisha Kiswahili kwa wageni, na tangu 2021 UNESCO imeitambua Julai 7 kuwa siku ya Kiswahili duniani. Soma mbinu za kufundisha lugha ya pili, hizo zitakufaa kokote. Ila katika Kiswahili hakuna atakayekukataa kwa sababu ya pasipoti yako. Anza kwa kuwaomba Makoko wakuruhusu kukaa nyuma ya darasa siku mbili, na uende na daftari.