Noti iliyokunjwa

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Kama una uhakika hakuna atakayejua, kwanini uwe mwaminifu?", mi limenikuta kaunta kabisa. Nina duka Pasua hapa Moshi, wengi hata jina langu hawalijui, wananiita Mangi tu.

Mwezi uliopita, jioni, watu wamejaa dirishani, akaja dogo wa kama miaka saba ametumwa sukari nusu na mafuta ya kupima, noti ya elfu kumi ameikunja mpaka imekuwa kama kidonge. Kwa haraka nikamrudishia chenji kama vile katoa elfu tano. Hakuhesabu, akachukua vitu vyake akaondoka mbio. Usiku nafunga hesabu naona elfu tano imezidi, kuangalia kwenye droo ile noti ipo na mikunjo yake.

Siku mbili hakuna aliyekuja kudai, na mi nikakaa kimya, nasema moyoni wakija nitawapa.

Sasa kuna mwanafalsafa Mjerumani anaitwa Immanuel Kant, mwaka 1785 alitoa mfano wa mwenye duka anayeuza bei moja kwa kila mtu, hata mtoto akitumwa ananunua sawa na mtu mzima. Sisi tungesema huyo ndo mwaminifu. Kant anauliza, anafanya hivo kwa sababu gani? Kama ni kwa ajili ya biashara yake tu, wateja wasimkimbie, basi kafanya jambo sahihi lakini huwezi kulihesabu kama uadilifu, hapo anajitafutia maslahi. Nilisoma hayo chuoni miaka hiyo nikajibu mtihani nikapita, ila kuyaelewa nimeyaelewa juzi nikiwa na elfu tano ya mtoto mkononi, maana nilijichunguza nikaona kitu pekee kinachonisukuma kurudisha ni hofu kwamba mama yake atahamia duka la jirani.

Wapo pia wanaomfuata Jeremy Bentham wa Uingereza, wao wanasema angalia matokeo, nani ananufaika nani anaumia. Siwapingi, ila mi kwenye hesabu yangu niliweka hela peke yake, mtoto sikumweka kabisa.

Siku ya tatu nikaipeleka kwao. Nikamwambia mama, samahani sana, kosa ni langu, chenji nilikosea. Akaishika ile hela bila kusema kitu, halafu akaniambia Mangi, huyu nimemchapa, nilijua kaiangusha njiani akicheza, na tangu siku ile simtumi tena. Dogo alikuwa amesimama nyuma ya mlango anasikia yote. Kwahiyo hilo la "hakuna atakayejua" silikubali, aliyeumia anajua kaumia, asichojua ni nani kamuumiza.

Nilimwomba msamaha na yeye, kwa jina lake, mbele ya mama yake. Siku hizi anatumwa tena. Akipewa chenji haondoki, anaipanga kaunta noti kwa noti, sarafu kwa sarafu, anahesabu kwa sauti, watu nyuma wanalalamika anachelewesha foleni, nami nawaambia subirini amalize.