Kanisa la Bagamoyo na mwili wa Livingstone

Ndugu uliyeuliza kama mwili wa David Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mskoti, ulilazwa kwenye kanisa kubwa la misheni Bagamoyo: hapana. Ulilazwa kwenye lile la zamani lenye mnara, Februari 1874, baada ya watumishi wake, kina Chuma na Susi, kuubeba kwa miguu kutoka bara. Kanisa kubwa limejengwa baadaye, 1910 hadi 1914.

Ila wageni wanamng'ang'ania Livingstone, aliyelala pale usiku mmoja tu, tena akiwa maiti! Mapadre wa Roho Mtakatifu walivuka kutoka Zanzibar mwaka 1868, wakaanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Watu hao walilima, wakajifunza ufundi, wakaoana, wakaanza familia upya. Hao ndio parokia yenyewe.

Ukienda, utazame na mbuyu wa misheni: mnyororo umemezwa na shina, kimebaki kipande tu nje. Wanasema mama mmoja wa misheni, Madame Chevalier, alikuwa akifungia punda wake hapo.

Siku hizi maisha ni kama parokia zetu nyingine: jumuiya ndogondogo Jumamosi asubuhi, WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki), kwaya, na michango isiyoisha.